Jua Lililochelewa Kumwona Mugeni

Nilipokuwa mtoto, jua lilitutoroka. Sitanii, wala sitegi kitendawili. Liliondoka mwishoni mwa Novemba, likarudi Januari, na huku nyuma sisi tuliendelea kupika, kwenda shule na kugombana kama kawaida. Siku hizi ninafundisha jiografia katika shule moja ya sekondari hapa Likasi, na kila mwaka nikifika kwenye somo la mhimili wa dunia huwaambia wanafunzi wangu habari hiyo. Wananitazama kwa heshima, ile heshima ambayo mtu humpa mgonjwa. Mwaka jana binti mmoja wa dawati la mbele aliniuliza, "Madame, sasa batu balikuwa banajua namna gani saa ya kula?" Nikamjibu kwamba tumbo halingoji jua. Darasa likacheka, nami nikamkumbuka Kambo, bibi yangu mzaa mama, ambaye ndiye hasa mwenye hadithi hii.

Baba alikuwa fundi umeme wa mitambo ya madini, kama nusu ya wanaume wa mtaa wetu. Alipata kazi kwenye mgodi wa chuma kaskazini kabisa mwa Norwe, mahali ambapo hata vibao vya barabarani vimeandikwa pia kwa Kirusi kwa sababu mpaka uko karibu. Akatuita mimi na mama. Ulikuwa mji mdogo wa nyumba za mbao zilizopakwa rangi nyekundu, njano na buluu, zimejipanga kando ya ghuba, na nyuma yake vilima vya mawe ambavyo havina mti wa kumficha hata mbuzi. Wanyama wa kufugwa wa kule, jamii ya kulungu wenye pembe kubwa, walivuka barabara bila haraka na magari yakawasubiri. Mimi niliupenda mji ule upesi, kwa kuwa mtoto hupenda mahali popote panapoteleza. Mama ilimchukua muda. Sanduku lake moja halikufunguliwa, na kila mwaka baba alimwambia, "Mwaka kesho tutarudi."

Kisha mama akapata mimba, na katika ukoo wetu mwanamke hajifungui bila mama yake kuwapo ili amkande na kumwogesha mtoto. Baba akahangaika na viza, na mwezi wa kumi na moja Kambo akashuka kwenye kile kiwanja kidogo cha ndege akiwa amevaa makoti mawili ya kuazima, moja juu ya lingine. Sandukuni alikuwa na unga wa mahindi, sombe, majani ya muhogo yaliyokaushwa, na vikwembe vya kumbebea mjukuu. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa, sauti ya sokoni, maana aliuza samaki soko la Kikula, mtaani kwetu Likasi, tangu mama yangu hajazaliwa. Tulipompeleka kuona bandari, akawakuta watu wakipanga samaki wa chumvi kwenye maboksi. Akasimama, akamgusa mmoja.

"Kumbe makayabu yangu inatokaka huku," akasema. "Na minye myaka yote nafikiri inatoka Lubumbashi."

Siku zile za kwanza jua lilikuwa bado linachungulia juu ya kilima cha kusini saa za adhuhuri, dakika chache, jekundu na lisilo na joto. Kambo alilisikitikia kama ndugu aliyekonda. Halafu siku moja halikuchungulia. Saa sita mchana mbingu ikawa ya buluu nzito, upande wa kusini ukawa na rangi ya chungwa, kisha giza likashika tena kazi yake.

"Mado, jua iko wapi?" akaniuliza, pua yake kwenye kioo cha dirisha.

"Imelala, Kambo. Itarudi mwezi wa kwanza."

"Nani alikuambia?"

"Mwalimu."

Alimcheka mwalimu wangu mpaka akakaa chini. Baada ya siku kadhaa aliacha kumcheka, akaanza kututazama sisi, akishangaa jinsi tulivyokunywa chai yetu bila wasiwasi.

Tatizo la kwanza lilikuwa ufagio. Kila mtu Likasi anajua kwamba usiku hapafagiliwi, kwani utafagilia baraka nje. Sasa pale usiku ulikuwa umejaa nyumba nzima asubuhi, mchana na jioni, na Kambo akauficha ufagio nyuma ya kabati. Makombo yakaongezeka chini ya meza. Mama, ambaye tumbo lilikuwa limemfikia kidevuni na hasira ilikuwa karibu, akamwomba, kisha akamsihi. Kambo akafikiri siku mbili hivi, akatoa hukumu. Usiku ni wakati watu wanapolala. Watu wakiwa macho na jua halipo, huo si usiku, ni jua tu limesafiri. Ufagio ukatoka nyuma ya kabati. Nakiri kwamba katika vitabu vyote nilivyosoma baadaye sijapata maelezo mazuri kuliko hayo.

Mdogo wangu alizaliwa Desemba, msichana mnene mwenye nywele nyingi, na hapo ndipo hukumu ya Kambo ilipogeuka na kumwuma mwenyewe. Kwetu mtoto hapewi jina ndani ya nyumba. Kitovu kikishaanguka, mkubwa wa ukoo humtoa nje asubuhi, humfunua uso, humwonyesha jua, na hapo hapo hulitamka jina ambalo alikuwa amelificha moyoni. Sijui kama ni desturi ya Waluba wa upande wa babu au ya Wabemba wa upande wa Kambo. Likasi imechanganya watu kiasi kwamba hata mizimu inabidi iulizane. Ninachojua ni kwamba mimi nilifanyiwa hivyo uani Kikula, na kabla ya jua kumwona, mtoto huitwa Mugeni, maana bado hajaamua kama atakaa. Kambo alisema mtoto asiyeonwa na jua hulegea mifupa, tena hukua akitafutatafuta mahali pake duniani kama mtu aliyepoteza ufunguo.

Kitovu kikaanguka. Jua halikuwapo. Baba akapiga hesabu kwenye kalenda, akatutuliza: jua lingerudi katikati ya Januari, na ndege ya Kambo ilikuwa siku chache baada ya hapo. Viza haikumruhusu kukaa zaidi. Nafasi ilikuwa nyembamba lakini ilikuwapo.

Basi Mugeni akawa Mugeni. Tulipompeleka kliniki Kambo alimfunika gubigubi, akasema anakwenda kama mzigo, si kama mtu. Muuguzi akamfunua, akamsifu, akampa mama chupa ya matone na kueleza kwamba watoto wote wa kule hupewa wakati wa giza, kwa sababu bila jua mifupa hulegea. Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani. Nilipomaliza kutafsiri, Kambo alimwangalia mama njia nzima mpaka tulipofika nyumbani.

Sasa niwaambie kuhusu kigari. Watu wa kule wana desturi ya kuwalaza watoto wachanga nje, katika vigari, barazani, hata theluji ikianguka. Wanaamini hewa ya baridi humpa mtoto mapafu na usingizi. Nilikuwa nimemweleza Kambo, lakini yeye aliiweka habari hiyo kwenye kapu moja na mambo ya mwalimu. Mchana mmoja, katika ile buluu ya saa sita, mama amelala chumbani na Mugeni yuko kapuni sebuleni, Kambo akakiona kigari kwenye baraza ya jirani yetu, mama mmoja mrefu aitwaye Berit, ambaye alikuwa akimlelea binti yake mtoto.

"Mado, ule mama amesahau mutoto."

"Hapana, Kambo. Huku banalalishaka batoto inje."

"Nani anaweza lalisha mutoto mu friji?"

Kabla sijajibu alikwisha toka, kwa soksi na sandali. Alirudi na mtoto mkubwa, mwekundu wa mashavu, aliyefutikwa ndani ya makoti yale mawili, na kufumba na kufumbua akawa amemfunga mgongoni kwa kikwembe, anamwimbia. Mtoto hata hakuamka. Mimi nilisimama katikati ya sebule. Nilikuwa nimekaa kule muda wa kutosha kujua kwamba mtu haokoti mtoto wa watu hivi hivi, na nikaona polisi, nikaona ndege, nikaona Kambo akirudishwa kabla ya jua.

Haukupita muda mlango ukagongwa. Theluji haina siri. Nyayo za sandali zilikuwa zimeandikwa moja kwa moja kutoka baraza yake mpaka kizingiti chetu. Berit aliingia bila kofia, uso hauna damu, akaiona kofia ya sufu ya mjukuu wake ikichomoza juu ya bega la bibi mgeni.

"Bibi yangu anasema mtoto alikuwa na baridi," nikatafsiri.

Berit akamgusa mtoto shavu, akamwona amelala, akapumua. "Mwambie bibi yako," akasema polepole, "kwamba ndani ndiko watoto wanakopata mafua."

"Mwambie huyu mama," Kambo akajibu, "aikale. Chai inapoa."

Berit akakaa. Alikunywa chai iliyojaa sukari, na kikombe cha pili, na rangi ikamrudia. Kisha akamwona Mugeni kwenye kapu lake, akauliza jina. Ikabidi nieleze yote: jua, jina, mgeni ambaye hajaamua kukaa, ndege ya Januari. Nilieleza haraka nikiwa nimeinamisha kichwa, nikitegemea acheke.

Hakucheka. Alisema yeye mwenyewe amezaliwa pale na kila mwaka, jua likiondoka, kuna pembe ndogo ya moyo wake isiyosadiki kwamba litarudi. Akasema siku linaporudi shule hufungua milango, watoto wote hupandishwa kilimani na wakubwa huacha kazi, nao hula maandazi yenye krimu ya njano katikati. Akasema pia kwamba bibi yake alimkataza kupiga mluzi chini ya zile taa za kijani zinazocheza angani, zisije zikashuka kumchukua. Nilipotafsiri hilo la mluzi Kambo akapiga goti lake kwa kiganja. Mluzi gizani ni mwiko Likasi tangu enzi na enzi.

"Kumbe bao pia bako na bakambo," akasema, akammiminia Berit kikombe cha tatu.

Tangu siku hiyo Berit alikuja kila mchana. Hawakuwa na lugha hata moja pamoja, na sijawahi kuona wanawake wawili wakisema sana kuliko wale. Mimi nilitafsiri mwanzoni, halafu nikagundua hakuna anayenisikiliza.

Siku ya jua ikafika. Mji mzima ulipanda kilima, watoto tumechorwa miale ya njano usoni, na Kambo katikati yetu, amefungwa skafu za Berit mpaka machoni, Mugeni kifuani kama mzigo, uso umefunikwa. Tukaimba nyimbo tulizofundishwa. Tukala maandazi. Na upande wa kusini wingu likakaa, jeusi, zito, kama tako la sufuria. Tulingoja mpaka vidole vikafa ganzi. Halikufunguka. Watu wakateremka wakisema kesho, na kesho yake ikaanguka theluji, na iliyofuata pia.

Nyumbani kila mtu akawa na wazo. Muuguzi alikuwa na taa maalumu ya kuwafaa watu wanaozidiwa na giza, akatuazima. Kambo akaiwasha, akaitazama, akaizima. Akasema taa haimjui mtu. Baba akapata wazo lake la kifundi: akampigia mjomba kwa kompyuta, na mjomba akatoka uani Kikula na simu yake, tukaliona jua la Likasi kwenye kioo, jeupe, limejaa, kuku wakipita chini yake. Nilipoona ule ua nilitaka kuingia ndani ya kompyuta. Baba akasema, "Mama, jua si ni moja? Mwonyesheni hapa."

Kambo akatikisa kichwa. "Hii inajua batu ya Likasi. Mutoto alizaliwa huku. Ile ya huku njo inatakiwa kumuona."

Mama akalia. Sikumbuki kama alikuwa amewahi kulia mbele yangu. "Mama, mupatie tu jina," akasema. "Keshokutwa unaenda. Utamuacha hivi, mutoto bila jina, na minye niko peke yangu huku?" Kambo akaenda kumkalia karibu, akamshika mkono. Aliteseka, hilo nililiona hata kwa umri wangu. Lakini jina hakulitoa.

Asubuhi ya safari wingu lilikuwa pale pale. Uwanjani, saa sita ikikaribia, Kambo akambusu Mugeni kupitia kitambaa, akambusu mama, akaniambia nisome, akamkumbatia Berit, ambaye alikuwa ametupeleka kwa gari lake. Kisha akapita mlango wa ukaguzi akiwa mdogo ndani ya makoti yale, na mama akageukia ukuta. Baba akasema twende tukampungie pale kwenye uzio. Katika viwanja vidogo vya kule abiria huifuata ndege kwa miguu, na kutoka kwenye uzio unawaona wote.

Tulisimama pale na upepo wa ghuba ukitukata masikio. Abiria wakatoka, mstari mmoja, Kambo karibu na mwisho. Na upepo ule ule tuliokuwa tukiulaani ukaanza kulisukuma wingu. Kwanza ulitokea ufa mwembamba juu ya kilima cha kusini. Kisha ufa ukawa mwekundu. Abiria wa mbele kabisa, mwanamume mwenye mkoba, akasimama mguu mmoja kwenye ngazi ya ndege. Wa pili akasimama nyuma yake. Ukingo wa jua ukachomoza, kipande tu, na theluji yote ya kiwanja ikageuka ya waridi. Hakuna aliyepanda. Mstari mzima uligeuza nyuso upande mmoja, na mfanyakazi mwenye koti la njano, aliyepaswa kuwaharakisha, akageuka pamoja nao.

Mama hakungoja kuambiwa. Alikivua kitambaa usoni mwa mtoto, akamwinua juu kabisa, juu ya uzio, mikono imenyooka. Mugeni akafumba macho, akapiga chafya.

Kambo akauweka mkoba wake chini kwenye theluji. Akatoa ile sauti yake ya soko la Kikula, sauti ya kumwita mteja aliye upande wa pili wa soko.

"Ngoie! Jina yako ni Ngoie! Jua, umuone, ni mutoto yetu, aikale huku muzuri!"

Mama akapiga magoti, mtoto bado ameinuliwa, maana Ngoie ni jina la Kambo mwenyewe. Lilikuwa na miaka mingi bila kuitwa na mtu, kwa vile kila mmoja alimwita mama wa fulani au bibi wa fulani, na mimi sikuwa nikilijua. Berit kando yangu akalirudia polepole, Ngoie, akalitamka sawasawa. Mtu fulani kwenye mstari akaanza kupiga makofi ndani ya glavu, na wengine wakafuata, ingawa hawakuelewa kitu. Kambo akawapungia kwa adabu, akauokota mkoba wake, akapanda ndege.

Nimesoma sana tangu siku ile. Naweza kuuchora mhimili wa dunia ubaoni nikiwa nimefumba macho, na matone yale ya mifupa najua ni vitamini gani. Sibishani na mtu kama jua linaona au halioni. Ninachokijua ni kwamba Kambo alipewa njia za mkato, zote za upendo, akazikataa, na kwa miaka mingi niliudhani ule ni ukaidi wa kizee. Leo naona kwamba alikuwa ameelewa kabla yetu sisi sote. Baba alikuwa akisema mwaka kesho, mama alikuwa anaishi na sanduku lililofungwa, na ni bibi wa viza fupi peke yake aliyekubali kwamba mtoto huyu atakaa. Na ili akae, ilibidi ajulishwe kwa mahali pale, hadharani, na watu wa pale wasikie. Jioni ile mama alifungua sanduku. Kesho yake alitoka na Ngoie kwenye kigari mpaka kwa Berit, na sikumbuki siku iliyofuata ambayo alikaa ndani kutwa.

Mimi nilirudi Likasi kusoma, nikabaki, na sijutii. Ngoie hakuja isipokuwa likizo, akilalamika joto na kuulizia lini giza litakuwa la kweli. Kila Januari hupanda kilima kile na wenzake, na hunipigia simu kwa video. Mwaka huu alipiga saa saba zetu, mvua ya asubuhi imekatika na jua la Likasi linachoma mabati. Nilikuwa nimelikimbia chini ya upenu, pamoja na Kambo, ambaye sasa macho yamepungua na sauti haijapungua.

"Dada, imerudi," Ngoie akasema. "Mwonyeshe Kambo jua letu."

Nikampa Kambo simu. Akaisogeza karibu kabisa na uso, akakitafuta kile kipande chekundu juu ya kilima, akakipata.

"Asanti," akakiambia. "Unamuchunga muzuri."

Kisha akanirudishia simu, akanituma nikaangalie maharage yasiungue.